Inkisari haimo katika ushairi pekee, imo pia tumboni mwa kompyuta

Likizo ya Agosti, mpwa wangu anayesomea sayansi ya kompyuta katika mojawapo ya vyuo vikuu vyetu alikuja kunisaidia kazi niliyoiahirisha kwa miaka mingi. Nina makasha matatu ya kadi za msamiati nilizokusanya kisiwani Pate mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa nikitafiti kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamifu. Kazi yake ilikuwa kuziingiza kadi hizo kwenye kompyuta kabla mchwa hawajazimaliza.

Siku ya tatu, tukipumzika kwa chai, alinisogezea kipakatalishi chake na kunionyesha ukurasa wa msimbo wa programu. "Mjomba," akasema, "wewe hukata wanafunzi alama kwa kosa dogo tu la tahajia. Hebu niambie, hawa waliounda kompyuta walianguka Kiingereza?" Kidole chake kilikuwa kwenye neno creat.

Naam, creat. Hilo ni jina la ombi ambalo programu huupelekea mfumo endeshi ili uiundie faili mpya. Bila shaka ni neno la Kiingereza "create" lililonyang'anywa herufi yake ya mwisho. Limekaa hivyo kwa zaidi ya nusu karne.

Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba swali hilo nalijua. Nimefundisha ushairi wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza: mbona mshairi huyu ameandika "alosema" badala ya "aliyesema"? Kwani hajui sarufi? Jibu langu huwa lile lile. Hesabu mizani kwanza, hukumu baadaye.

Basi makala ya leo ni jaribio la kuihesabia kompyuta mizani. Wenye taaluma yao watanisamehe nikijikwaa. Mimi ni mhakiki wa maandishi, na msimbo nao ni maandishi.

Wanafunzi wa ushairi wanajua kwamba inkisari ni kule kufupisha neno ili litoshee idadi ya mizani. Shairi lenye mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao halina nafasi ya silabi ya tisa. "Aliyesema" ina silabi tano. "Alosema" ina nne. "Nimekuja" ina nne. "Mekuja" ina tatu. Mshairi hakosei anapofanya hivyo, ila uhuru wake una mipaka. Mimi huwapa wanafunzi wangu maswali matatu ya kuipimia inkisari. Kwanza, je, palikuwa na kikomo kilichomlazimu? Pili, je, maana imesalia? Tatu, je, msikilizaji aliyekusudiwa anaweza kulirudisha neno katika ukamilifu wake?

Swali la tatu ndilo gumu. Nilipokuwa mtoto, telegramu zililipiwa kwa kila neno. Siku moja baba alipokea telegramu yenye maneno matatu: NYANYA HAYUPO NJOO. Baba alikaa chini na kushika kichwa. Mimi nilidhani nyanya amepotea na tunakwenda kumtafuta. Maneno yalikuwa yale yale matatu, lakini tulikuwa wasomaji wawili tofauti.

Tuje sasa kwenye kompyuta. Mfumo endeshi ninaouzungumzia unaitwa Unix. Ulianza kuundwa 1969 katika maabara ya Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Waasisi wake wakuu ni Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwongozo wake wa kwanza una tarehe ya 3 Novemba 1971. Ndio babu wa mifumo mingi tunayoitumia leo. Linux, iliyoanzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, iliundwa kwa kuufuata. Na Linux ndiyo kiini cha simu zote za Android. Kwa hivyo huenda jina hilo lililokatwa mkia limo mfukoni mwako unaposoma makala haya.

Dhiki ya waasisi hao inafaa ielezwe kwa tarakimu. Mashine ya PDP-11 waliyoipata ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Mfumo wenyewe ulichukua 16, programu za watumiaji zikaachiwa 8. Diski yake ilikuwa ya kilobaiti 512. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo. Hawakuwa na skrini pia. Walitumia teletaipu, yaani taipureta iliyounganishwa na kompyuta, iliyochapa kila kitu kwenye karatasi kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde. Vibonye vyake vilikuwa vizito. Sisi tuliopiga chapa tasnifu zetu kwa taipureta tunajua kidole cha mwisho huuma vipi usiku wa manane. Kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa ahueni.

Hata hivyo, uchovu wa vidole si kikomo. Mshairi aliyechoka hana ruhusa ya kukata silabi. Tutafute kikomo chenyewe.

Kikomo kipo, na asili yake ni ya zamani kuliko Unix. Katika miaka ya 1950, kompyuta ya IBM 704 ilihifadhi data katika vipande vya biti 36, na kila herufi ilichukua biti 6. Gawanya mwenyewe: herufi 6 kwa kila kipande. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa 1957 kwa ajili ya mashine hiyo, ikaamuru kwamba jina lolote lisizidi herufi 6. Mashine zikabadilika, desturi ikabaki. Lugha ya C, ambayo Ritchie aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo Unix iliandikwa upya kwayo 1973, ilienea hadi kwenye mashine za kila namna, zikiwemo zile za kikomo hicho. Kiwango rasmi cha lugha hiyo kilipopitishwa Marekani 1989, kilihakikisha herufi 6 za mwanzo tu katika majina ambayo sehemu moja ya programu huyatumia kuita sehemu nyingine. Ilibidi tungoje hadi 1999 ndipo kikomo kikapandishwa hadi 31.

Nilimwomba mpwa wangu anitajie majina anayoyatumia kila siku katika lugha ya C. Akataja strcpy, ya kunakili mfuatano wa herufi. Akataja strcmp ya kulinganisha, strcat ya kuunganisha, strlen ya kupima urefu, printf ya kuchapisha kwa mpangilio na malloc ya kuomba nafasi katika kumbukumbu. "Hesabu herufi," nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Kila jina lina herufi 6.

Hiyo ndiyo inkisari halali. Kikomo kipo, maana ipo, na aliyejifunza kwamba "str" ni kifupi cha neno la Kiingereza la mfuatano huweza kuyarudisha majina yote manne katika ukamilifu wake. Huo ni utaratibu, na mtu akiushika mara moja hausahau.

Je, creat nayo? Katika mwongozo ule wa 1971 mna maombi mengine ambayo programu huupelekea mfumo. Mna unlink, la kuondoa jina la faili. Mna setuid na getuid, yanayohusu nambari ya mtumiaji. Yote haya yana herufi 6. Mna umount, la kuondoa diski kwenye mfumo, ambalo kwa ukamilifu wake lingekuwa na herufi 7. Limekatwa moja, likabaki na 6. Lakini "create" kwa ukamilifu wake ina herufi 6 tu! Kama unlink iliingia mlangoni, create ingeingia pia. Kwa kipimo chetu, umount inaweza kujitetea mbele ya hakimu, creat haiwezi. Ile herufi ya mwisho ilikatwa pasipo kikomo chochote cha kuikata.

Tena wanafonolojia watanena kwamba herufi hiyo haina sauti, kwa hivyo sikio halikupoteza kitu. Ni kweli haina sauti, lakini katika tahajia ya Kiingereza ina kazi: humwambia msomaji namna ya kuitamka irabu iliyotangulia. Ukiiondoa, anayekutana na neno mara ya kwanza hujiuliza alitamkeje. Mpwa wangu na wenzake hulitamka "kriti".

Na mwandishi mwenyewe amekiri. Brian Kernighan na Rob Pike wanasimulia katika kitabu chao cha 1984 kuhusu Unix kwamba Thompson aliwahi kuulizwa angebadilisha nini lau angeliunda mfumo huo upya. Jibu lake lilikuwa kwamba angeiandika creat kwa herufi yake ya mwisho. Ulikuwa utani, ila ni utani wa mtu anayejua palipo na doa katika kazi yake. Na hakuweza tena kulifuta. Programu zilizokwisha kuandikwa zilikuwa zikimwita mtoto huyo kwa jina hilo. Ukimbadilishia jina, haitiki.

Pana kundi la pili la vifupisho, fupi zaidi. Hapa namaanisha amri ambazo mtu huandika yeye mwenyewe: ls ya kuorodhesha faili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta. Hizi hazikubanwa na herufi 6 wala 8. Hizi zilikatwa na matumizi. Mwanaisimu George Zipf alionyesha zamani kwamba maneno yanayotumika mno katika lugha huelekea kuwa mafupi. Tazama Kiswahili chetu: na, ya, wa, ni, kwa. Amri inayopigwa mara mia kwa siku kwenye vibonye vizito itafupika tu, upende usipende.

Lakini hapa pia nina lawama, na ni kubwa kuliko ile ya creat. Kabla ya Unix, watu wa Bell walishiriki katika mradi mkubwa uitwao Multics, pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric, wakajitoa 1969. Jina Unix lenyewe ni mchezo wa maneno juu ya Multics: kimoja badala ya vingi. Katika Multics amri ilikuwa na majina mawili, refu na fupi. Anayejifunza aliandika "list", aliyezoea akaandika ls. Anayejifunza aliandika "print_wdir", aliyezoea akaandika pwd. Kila kifupisho kilikuwa na jina lake kamili papo hapo. Unix ilichukua ls na pwd, majina marefu ikayaacha. Kwa mwandishi wa kamusi hilo ni sawa na kuchapisha orodha ya vifupisho huku ukurasa wa ufafanuzi umenyofolewa.

Matokeo yake ni kwamba waliokuja baadaye walianza kujitungia ufafanuzi. Chukua saraka inayoitwa etc. Ni kifupisho cha Kilatini ambacho Kiingereza hukitumia kama sisi tutumiavyo n.k., na mwanzoni saraka hiyo ilikuwa ya kuwekea vitu visivyo na mahali pengine. Kwa kuwa siku hizi humo ndimo huwekwa faili za usanidi, wapo wanaofundishana kwamba kila herufi inasimamia neno kamili la Kiingereza linalohusu usanidi. Chukua pia ping, programu ya kupima kama kompyuta nyingine inaitika. Mike Muuss aliiandika 1983 na kuipa jina la mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kupimia umbali majini. Si kifupisho hata kidogo. Lakini baadaye lilitafutiwa maneno matatu ya Kiingereza ili herufi zake zionekane zimetoka mahali. Kwetu mambo hayo tunayajua. Tazama tunavyobishana kama herufi ya kwanza ya UKIMWI ni "Ukosefu" au "Upungufu", na kila upande una hakika.

Vingine vimebaki kama mifupa ya kale. Katika faili ya majina ya watumiaji wa Unix kuna sehemu iitwayo GECOS, ambamo siku hizi huwekwa jina kamili la mtumiaji. GECOS ulikuwa mfumo endeshi wa General Electric. Maabara ya Bell ilikuwa na mashine za mfumo huo zilizochapisha nyaraka, kwa hivyo Unix ilihitaji mahali pa kuweka utambulisho wake. Mashine zimekwenda, sehemu ipo. Sehemu ya programu iitwayo bss imerithiwa kutoka kwa lugha ya mashine ya IBM 704, miaka ya 1950. Amri ya dd ilipewa jina kutokana na tamko la mfumo mwingine wa IBM. Mwanafunzi asiyejua historia huziona herufi hizi kama hirizi.

Cha kusikitisha zaidi ni inode. Hili ni jina la rekodi inayohifadhi habari za kila faili: ukubwa, mwenyewe, tarehe. Sehemu ya "node" inaeleweka. Ile i ya mwanzo ni nini? Ritchie mwenyewe alipoulizwa miaka mingi baadaye alijibu kwamba hana hakika. Alikisia tu kuwa ilitokana na neno la Kiingereza la faharasa. Mwasisi wa mfumo hakukumbuka herufi yake mwenyewe ilisimamia nini.

Nilipomweleza mpwa wangu habari hiyo, nilikuwa nikitabasamu kwa kiburi cha msomi. Yeye hakucheka. Aliinuka, akachukua kadi moja kutoka kasha la pili na kuniwekea mezani. "Mjomba, hii kz. ni nini? Nimeikuta kwenye kadi nyingi na sijui niiandike vipi."

Niliitazama. Mwandiko ni wangu. Wino ni wangu. Kadi zilikuwa ghali na mfadhili sikuwa naye, kwa hivyo kila kadi niliijaza pande mbili na kufupisha kila nilichoweza kufupisha. Kando ya maneno 43 nimeandika kz. Je, ni "kizamani"? Ni neno la "kazi", yaani msamiati wa wajenzi wa majahazi? Ni neno nililolipata kwa "kizee" fulani? Nimezipanga kadi zile kwa kila namna, na kila dhana inafaa baadhi yake na kukataa nyingine. Daftari nililoandikia ufunguo lilipotea nilipohama nyumba. Wazee walionipa maneno hayo wametangulia mbele ya haki, wote.

Kikomo kilikuwepo: kadi. Maana nilikuwa nayo. Msikilizaji niliyemkusudia alikuwa mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe sikuweza kulirudisha neno. Nimeanguka katika swali langu la tatu.

Ndiyo maana naona mtu mmoja anastahili sifa zaidi kuliko anazopewa. John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, katikati ya miaka ya 1970 aliandika ufafanuzi wa msimbo wa toleo la sita la Unix kwa ajili ya wanafunzi wake, akieleza sehemu kwa sehemu. Masharti ya leseni yalipobadilika na kukataza msimbo kufundishwa darasani, wanafunzi kote duniani waliendelea kukinakili kwa mashine za fotokopi, hadi kikachapishwa rasmi 1996. Ni katika miaka hiyo hiyo Profesa Mohamed Abdulaziz alikuwa akifanya kazi ya aina hiyo hapa kwetu. Kitabu chake kuhusu Muyaka bin Haji wa Mombasa, kilichotoka Nairobi 1979, kimetupa mashairi pamoja na tafsiri na maelezo yake. Bila kazi hiyo, wengi wetu tungekuwa na Muyaka wa hirizi. Waswahili huita kazi hiyo sherehe, na si ile ya kula na kunywa.

Sasa nirudi kwa Kiswahili, kwa sababu kuna dai ambalo nimelisikia katika makongamano hadi limenichosha. Eti Kiswahili ni lugha ya maneno marefu, hakifai kuandikia amri za kompyuta. Katika miaka ya 2000, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri menyu na ujumbe wa programu huria, na kazi ile ilipendeza. Lakini majina yaliyo chini, yale ya msimbo, hubaki ya kigeni, na wanaolitoa dai hilo husema ni kwa sababu hatuna maneno mafupi.

Hebu tuhesabu mizani hapa pia. Unda ni herufi 4. Soma, 4. Futa, 4. Funga, 5. Andika, 6. Fungua, 6. Nakili, 6. Tafuta, 6. Vitenzi hivyo vinane katika hali ya kuamuru vyote vingepita katika mlango wa IBM 704 bila kukatwa hata ncha ya ukucha. Wamarekani walihitaji kukata create (wakakata bila haja), sisi tuna "unda" nzima kwa herufi 4. Sikatai kwamba "unganisha" ina herufi 9, na kwamba tukianza kuongeza viambishi mambo hurefuka. Lakini hao waliokata "unmount" walikuwa na tatizo hilo hilo, na hakuna aliyesema Kiingereza hakifai.

Tofauti iliyopo ni ya namna ya kukata. Kiingereza hukata irabu: copy inakuwa cp, move inakuwa mv, na msomaji huendelea kulitambua neno kwa konsonanti zake. Jaribu hivyo kwa Kiswahili. Kata, keti, kiti, kuta, kutu: yote yanakuwa kt. Lugha yetu imejengwa kwa silabi wazi, na irabu ndizo zinazobeba tofauti. Ndiyo maana vifupisho vyetu vilivyofaulu vimekatwa kwa silabi: TEHAMA, BAKITA, CHAKITA, UKIMWI. Vinatamkika, na aliyevisikia mara moja huvikumbuka. Mshairi naye hukata silabi, hakati herufi. Kanuni ni ile ile.

Cha ajabu ni kwamba vijana wetu waliigundua kanuni hiyo bila kufundishwa. Ujumbe wa simu ulikuwa na kikomo cha herufi 160, kwa sababu ulitengewa baiti 140 na kila herufi ilichukua biti 7. Ukizidisha, unalipia ujumbe wa pili. Ndipo tukaona "cjui", "2ko" na "m2". Tazama vizuri: c imesimama mahali pa silabi "si", na 2 mahali pa silabi "tu". Sauti zimeazimwa kutoka majina ya Kiingereza, lakini kisu kimepita kwenye mpaka wa silabi. Hiyo ni inkisari, na ilikuwa na haja yake. Lakini "xaxa" badala ya "sasa"? Herufi 4 kwa herufi 4. Hakuna kilichookolewa. Hiyo ni pambo tu.

Wengine wataniuliza, basi Profesa, utaacha kukata alama anayeandika "m2" katika insha? La hasha. Karatasi ya mtihani haina kikomo cha herufi 160. Kikomo kikiondoka, ruhusa nayo huondoka, ila desturi hukawia. Waliotumia kompyuta kabla ya 1995 wanakumbuka jina la faili lilivyokuwa herufi 8, nukta, kisha herufi 3. Barua ya kuomba kazi iliitwa BARUAKAZ.DOC. Windows 95 iliruhusu herufi hadi 255, lakini mpaka leo tunaandika jpg, txt na pdf kana kwamba mlinzi wa mlangoni bado yupo. Desturi ya namna hiyo haidhuru sana, mradi tu ijulikane imetoka wapi.

Rai yangu kwa wanaobuni istilahi, na kwa wanafunzi wa kompyuta ambao siku moja wataandika msimbo kwa Kiswahili, ni hii. Msiogope kufupisha. Kateni kwa silabi. Lakini siku ile ile mnapokata, andikeni jina refu mahali ambapo mtu asiyewajua atalikuta, kama walivyofanya watu wa Multics. Msijiambie kwamba mtakumbuka. Ritchie hakukumbuka, nami sikukumbuka.

Mpwa wangu alimaliza kasha la tatu siku moja kabla ya kurudi chuoni. Kuhusu yale maneno 43, alitaka nichague maana moja ili safu ijae. Nimekataa. Tumeyaandika kz. kama yalivyo, na mbele yake maelezo: mkusanyaji hakumbuki maana ya kifupisho hiki.